Wakili Anapokamatwa Akifuatilia Waandamanaji Kituoni

Nchini Kenya, shtaka jepesi la kumbandika wakili aliyefuata waandamanaji ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Huzaliwa palepale kwenye meza ya kuripotia: sauti zinapanda, mkono unashika mlango wa seli, basi. Mikono yako ikae kwenye faili. Taja Ibara ya 49(1)(c) ya Katiba, inayompa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, kisha omba ujio wako uandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Wakikukatalia, usibishane. Andika ombi lako nakala mbili, uliza jina na namba ya afisa, andika na saa.

Usiende peke yako. Wakili Willie Kimani alitekwa Juni 2016 akitoka mahakamani Mavoko na mteja wake na dereva wa teksi, na wote watatu waliuawa. Mtu wa ofisini ajue kituo unachoingia na saa utakayopiga simu. Ikipita nusu saa kimya, aanze kukutafuta. Simu unayobeba isiwe na faili za wateja, na ifungwe kwa namba ya siri, si alama ya kidole, maana kidole huweza kushikwa kwa nguvu.

Ukikamatwa, uwakili wako umeishia hapo. Sasa wewe ni mshukiwa. Toa jina, sema unataka wakili, nyamaza. Hapa ndipo mawakili hujikwaa: wanafundisha sheria korokoroni, na kila neno linaandikwa. Simu ikichukuliwa, dai iorodheshwe na utaje kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi: siri iliyomo ni ya mteja, huwezi kuitoa ili ujinusuru.

Mwenzako ahesabu saa 24 za kukufikisha mahakamani tangu ulipokamatwa, si tangu ulipoandikishwa kituoni. Tofauti hiyo huweza kuwa saa kadhaa. Ukikamatwa Ijumaa jioni, muda ukiishia wikendi, Katiba inaruhusu usubiri hadi siku ya mahakama inayofuata, kwa hiyo dhamana ya polisi iombwe usiku huohuo. Wakikana kuwa nawe, aende Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, yaani amri ya kumtaka anayekushikilia akulete mbele ya mahakama, haki ambayo Ibara ya 25 inakataza kuwekewa mipaka. Hati ya kiapo ieleze nani alikuona, wapi, saa ngapi, gari la namba gani. Bila hayo, jibu la “hatunaye” ni gumu kulivunja.

Kabla ya kujibu mashtaka, kabidhi faili la mteja kwa wakili mwingine. Ukishtakiwa naye, au ukiwa shahidi wa yaliyotokea kituoni, kanuni ya 9 ya Kanuni za Utendaji za Mawakili inaweza kukuondoa kwenye kesi yake.

Soma masharti ya dhamana neno kwa neno. Sharti la kutokanyaga vituo vya polisi linaonekana dogo, lakini limekufungia kazi. Lipingwe siku hiyohiyo, na mwenzako aikumbushe mahakama kanuni ya 18 ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Havana mwaka 1990: wakili hahesabiwi kuwa mmoja na mteja wake kwa sababu ya kumtetea.