Acheni kusaga soya mbichi kwenye unga wa mtoto

Wiki iliyopita nilikaa asubuhi nzima kwenye mashine ya kusaga nikiangalia kinachomiminwa humo kwa jina la unga wa lishe. Ndoo ya kwanza ilikuwa na mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote pamoja. Nilichukua punje ya soya nikaing'ata. Ngumu kama kokoto, na ladha ni ile ile ya shambani. Mama mwenye ndoo aliniambia, "Afisa, huu ni wa nafaka kumi, mtoto anapata kila kitu." Mtoto alikuwa mgongoni, miezi tisa, na mama mwenyewe akasema tumbo lake halitulii.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatukosi chakula. Mahindi tunayo, maharage, viazi, maziwa, parachichi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa asilimia 50 hivi. Mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Kwa hiyo msiniambie tatizo ni mvua au mbolea. Tatizo kubwa liko jikoni.

Soya mbichi ina vizuizi vinavyolizuia tumbo kumeng'enya protini, hata ile iliyomo kwenye vyakula vingine. Unatoa hela kununua soya ili mtoto apate protini, kisha soya hiyo hiyo inamnyima. Kuikaanga peke yake hakutoshi, maana ganda linaungua na ndani inabaki mbichi. Fanyeni hivi: chemsha maji vikombe vinne kwa kila kikombe kimoja cha soya. Maji yakishatokota ndipo utie soya, si kabla. Yakianza kutokota tena, hesabu dakika 30 kwa saa. Narudia, kwa saa, kwa sababu wengi wanahesabu tangu walipochochea kuni jikoni, na kutokota kwenyewe kunakuwa dakika kumi tu. Mwaga maji, pikicha kwa maji ya baridi utoe maganda, anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si chini kwenye udongo. Punje ikivunjika kwa mlio ukiing'ata, ikaange kidogo mpaka ianze kubadilika rangi. Sasa nenda mashine.

Kipimo ni nafaka tatu kwa soya moja, kikombe kile kile. Mahindi vikombe sita, soya viwili. Ukitaka ulezi, mahindi vinne, ulezi viwili, soya viwili, basi. Nafaka kumi hazimwongezei mtoto chochote, kwa kuwa mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele wote ni kundi moja. Unachoongeza ni kazi ya kupeta na hatari ya kuingiza punje zenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na haionekani kwa macho kwenye unga.

Karanga msizisage humo. Mafuta yake yanauchachusha unga ndani ya muda mfupi, na mama anadhani mtoto amekataa uji kwa deko. Chagua karanga, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, twanga za siku mbili tatu, tia kijiko kimoja cha chakula uji ukikaribia kuiva. Dagaa vilevile, twanga pembeni. Na msisage ndoo nzima. Saga unga wa wiki mbili.

Uji usiwe maji. Ukiinamisha kijiko udondoke polepole. Mtoto wa miezi sita anaanza na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kila mlo. Akifika miezi tisa ni nusu ya kikombe cha mililita 250, mara tatu au nne kwa siku, na akitimiza mwaka ni robo tatu hadi kikombe kizima, huku ananyonya. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukianza kupanda, mko sawa.

Linaloniuma ni kwamba mambo haya yote yanafundishwa bure. Kila miezi mitatu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa elfu moja huwezi kumlisha mtoto hata wiki. Lakini unaweza kumfundisha mama yake, na baba, na bibi anayebaki na mtoto wakati wa palizi, mara nne kwa mwaka, na wakishajua watapika hivyo kwa kila mtoto atakayezaliwa humo ndani. Sijaona matumizi ya fedha ya umma yanayorudi kijijini haraka namna hiyo. Siku ikifika, wanakuja akina mama wachache kupima uzito, wanasaini, wanaondoka kabla ya somo la upishi. Akina baba hawaonekani kabisa, na ndio wanaotoa hela ya ndoo ya nafaka kumi. Na kama miezi mitatu imepita bila siku hiyo kufanyika, ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji fedha iko wapi. Ni haki yenu.

Siku ya Afya na Lishe ijayo kila kaya ije na kikombe kimoja cha unga inaotumia sasa na punje chache za soya kabla hazijasagwa. Tutazing'ata wote pale pale. Sufuria inabandikwa saa tatu kamili asubuhi, na atakayefika saa nne atakuta soya imeshaepuliwa.