Jinsi ya kutunza miguu ya mwenye kisukari

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kubana mishipa ya damu. Ganzi ikishaingia, msumari unaweza kutoboa kandambili ukatembea nao kutwa nzima bila habari, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakifungi. Kwa hiyo macho ndiyo yachukue kazi ya maumivu.

Kila jioni kaa penye mwanga ukague miguu yote miwili: juu, nyayo, visigino na hasa katikati ya vidole, ambako ngozi iliyolowa huwa nyeupe, ikalainika na kuchanika. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni au mwambie mjukuu akuangalizie.

Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Joto lipime kwa kiwiko, maana mguu wenye ganzi huungua bila kushtuka. Usiiloweke. Kausha kila kidole, kisha paka mafuta ya mgando kwenye nyayo na visigino, si katikati ya vidole, kwani unyevu wa hapo hulea fangasi. Kucha zikate kwa kunyoosha, usichimbe pembeni. Sugu usizichonge kwa wembe.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Viatu vinunue jioni, wakati miguu imejaa kidogo, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani utafute kokoto. Panya nao wasipuuzwe: humng'ata vidole mwenye ganzi akiwa usingizini asiamke. Chomeka chandarua vizuri chini ya godoro.

Ukiona kidonda, hata kidogo, kioshe kwa maji safi, kifunike kwa shashi safi, na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Majivu na dawa ya meno huficha usaha tu. Kukiwa na harufu, weusi au homa, nenda saa hiyo hiyo. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi wala hauna kidonda, usiukanyagie. Mifupa yake huenda inavunjika ndani kwa ndani.

Kliniki, angalau mara moja kwa mwaka, omba nyayo zako zipimwe ganzi kwa uzi wa nailoni, na kwa kuwa sukari huharibu macho na figo pia, macho yachunguzwe kwa ndani na mkojo upimwe protini.