Namna ya kupatia vijana ba kartie kazi ya sanaa yenye kulipa, huku Lubumbashi

Bandugu, kama uko na atelye ya kuchora ao ya kufua shaba na unaona vijana banakaa tu mu vakanse, anza na batano, usianze na makumi mbili, juu franka itakatika mbele ya mwezi kuisha na bazazi hawatakuamini tena.

Kwanza tafuta kazi yenye iko na mwenye kulipa: ukuta wa masomo, kibao cha farmasi, sahani za shaba za ndoa. Chicago kule Marekani balianza Gallery 37 mu 1991, ni programu ya kazi ya sanaa, vijana na basanii mu kiwanja kitupu katikati ya mji, na vijana balilipwa. Hapo njo penye nguvu iko, mtoto anajua kazi yake iko na bei!

Sasa mapatano. Andika mbele ya kuanza: siku ngapi, saa ngapi, franka ngapi, transpoo na chakula nani analipa, mama ao papa yake asaini. Loi ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kuajiri mwenye hajafika miaka 16, kwa hiyo omba karatasi ya kuzaliwa, hata kama unajua familia.

Lipa kila siku ya posho, mu mkono yake mwenyewe, asaini mu kaye. Tafazali usiseme "tunakufundisha, inatosha", hiyo inaniumiza sana.

Asidi na moto ya kuchoma shaba, fanya weye mwenyewe.

Mwisho umupe barua ya kazi na foto za vyenye alifanya.