Goti la nyota limepasuliwa: namna ya kusoma habari zake kabla hamjaanza kubishana

Habari ya kwanza inasema atarudi baada ya miezi sita. Ya pili inasema msimu umekwisha kwake. Wiki hiyohiyo inasambaa video akikimbia, na mashabiki wanagawanyika: hawa wanasema klabu inaficha jambo, wale wanasema mchezaji anajidekeza. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, na nimeshinda miaka na magoti ya wanamichezo waliotoka kupasuliwa. Naumia nikisikia mtu aliyechanika ligamenti, ule ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, akiitwa mvivu, kwa sababu mara nyingi habari zote tatu ni za kweli, ila kila moja inazungumzia jambo lake. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Tafuta kilichofanywa ndani ya goti

"Amefanyiwa upasuaji wa goti" bado hujaambiwa kitu. Chukua meniskasi, ile gegedu yenye umbo la mwezi mchanga inayokaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko. Ikichanika, daktari anaweza kukata kipande kilichoharibika, na mchezaji akarudi baada ya wiki kadhaa. Au anaishona ipone, na hapo tunahesabu miezi, kwa sababu sehemu kubwa ya gegedu hiyo inapata damu kidogo sana.

Derrick Rose wa Chicago Bulls, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, aliyapitia yote mawili kwenye goti lile lile la kulia. Novemba 2013 meniskasi ilishonwa na msimu wake ukaishia hapo. Februari 2015 ilichanika tena, safari hii ikakatwa sehemu, na Aprili ya mwaka huohuo alikuwa uwanjani. Aliyesoma vichwa vya habari tu angedhani mara ya pili alikuwa na moyo zaidi. Tofauti ilikuwa mikononi mwa daktari wa upasuaji.

Kama ni ACL, ligamenti ya katikati ya goti inayoshikilia mfupa wa ugoko usiteleze mbele, fahamu kwamba kwa kawaida ligamenti iliyokatika haiungwi, inawekwa nyingine. Inachukuliwa kano ya chini ya pia ya goti, au ya nyama za paja, au ile ya juu ya pia. Kwa hiyo uliza pia imetolewa wapi, maana pale ilipotolewa pana kidonda cha pili kinachodai muda wake.

Hatua ya 2: Anza kuhesabu siku ya upasuaji

Siyo siku aliyoumia. Mara nyingi tunasubiri kwanza uvimbe ushuke na goti linyooke, na hapo wiki kadhaa zinapita. Waandishi wawili wakihesabu kutoka tarehe mbili tofauti, watakupa miezi miwili tofauti.

Hatua ya 3: Jua goti linapitia nini, ndipo utazame video

Hii ndiyo hatua inayokosekana zaidi kwenye mabishano. Kano iliyopandikizwa haizidi tu kupata nguvu kila wiki tangu siku ya kwanza. Kwanza inapoteza damu yake, inalegea, halafu mishipa mipya inaota na mwili unaanza kuijenga upya. Kipindi chake dhaifu kabisa huangukia karibu wiki ya 6 hadi ya 12. Na ndicho kipindi ambacho mchezaji anajisikia vizuri: uvimbe umeshuka, magongo ameyaacha, ngazi anapanda. Kazi kubwa ya watu kama mimi wakati huo ni kumzuia.

Misuli ya paja nayo ina hadithi yake. Ukimlaza mchezaji kitandani siku za mwanzo ukamwambia kaza paja, unaona linatetemeka kidogo kisha linazima. Ana nia, ila ubongo umelifungia paja kwa sababu ya uvimbe wa goti. Ukizungusha futi ya kupimia juu kidogo ya pia ya goti, paja hilo limepungua kuliko la pili, na kulirudisha ni kazi ya miezi.

Sasa tazama video. Anakimbia mstari mnyoofu, au anakata kona? Anaposimama ghafla, anasimamia mguu upi? Akiruka, anatua na mguu uliopasuliwa peke yake, au anajitupia upande usioumia? Goti linaingia ndani wakati wa kutua? Kuna mtu anayemkaba? Kukimbia peke yake kwenye nyasi ni hatua ya katikati, na mechi bado iko mbali.

Hatua ya 4: Tenganisha "ameruhusiwa" na "yuko tayari"

Rose alichanika ACL ya goti la kushoto Aprili 2012. Machi 2013 vyombo vya habari viliripoti kwamba madaktari wamemruhusu kucheza, lakini hakucheza hadi msimu ukaisha, na mashabiki walimsema vibaya. Mimi niko upande wake. Ruhusa ya daktari inasema kano imeshika. Haisemi kwamba paja lina nguvu, wala kwamba kichwa kimekubali kuruka tena kwenye msongamano.

Tunapima nguvu ya paja na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja, na kwa kawaida tunataka mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Hata hapo tunakuwa waangalifu, kwani mguu usioumia nao umedhoofika kwa kukaa nje. Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, uliambatana na kupungua kwa kiwango cha kuumia tena kwa asilimia 51. Kwa hiyo habari ikitamba kwamba nyota anarudi "mapema kuliko ilivyotarajiwa", isikufurahishe haraka.

Hatua ya 5: Angalia anayesema

Kocha anataka wapinzani wasijue kikosi. Wakala ana mkataba mezani. Daktari wa televisheni ambaye hajamgusa mchezaji anazungumzia magoti kwa ujumla, na anayemtibu kweli amefungwa na siri ya mgonjwa.

Hatua ya 6: Linganisha vinavyolingana

Kila mjadala una mtu wa kumtaja Adrian Peterson, mchezaji wa futiboli ya Marekani: alichanika ACL Desemba 24, 2011, Septemba 2012 akawa uwanjani, akamaliza msimu akiwa amekimbia na mpira yadi 2,097. Ni kweli, na ni wa kipekee. Mwingine atamtaja Ronaldo wa Brazil, aliyeanguka Aprili 2000 dakika chache tu baada ya kurejea, kisha akafunga mabao 8 Kombe la Dunia 2002. Lakini Ronaldo ilikuwa kano ya pia ya goti, siyo ACL. Ukimtumia kama kipimo cha ACL, umelinganisha majeraha mawili tofauti.

Hatua ya 7: Akirudi, tazama siku inayofuata

Dakika 15 za mwanzo hazikuambii mengi. Sisi tunaliangalia goti asubuhi yake: limevimba au halikuvimba. Akicheza wikendi kisha akaachwa mechi ya katikati ya wiki, mara nyingi ndivyo ilivyopangwa tangu awali. Ukisikia limejaa maji tena na mazoezi yamepunguzwa, hapo subiri taarifa ya klabu kabla hujaandika chochote juu yake.