Nani Atashika Daftari? Namna ya Kuendesha Kundi la Girl Guides Dar es Salaam

Wazazi na walimu wanaotaka kuanzisha kundi la Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, mara nyingi huanza na swali la sare: skafu zinashonwa wapi, beji zinapatikana kwa bei gani. Swali hilo lina jibu rahisi na linaweza kusubiri. Linalopaswa kutangulia ni nani katika kundi hilo ataamua, nani atashika daftari la fedha, na nani atasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa kueleza kilichowaleta. Ikiwa jibu la yote matatu ni mwalimu mlezi, mtapata wasichana wenye sare safi wanaosubiri kuambiwa la kufanya, na hilo tayari wanalipata nyumbani na darasani. Haya ninayaandika kwa mlezi ambaye yuko tayari kukaa pembeni, macho wazi, na kuwaachia wasichana kazi yao.

Chama cha Girl Guides kilianza nchini mwaka 1928, enzi za Tanganyika, na makao makuu yake yako Upanga. Makundi mengi yako shuleni, kwa hiyo mlango wa kwanza ni mwalimu mkuu, kisha uongozi wa chama katika wilaya yenu, iwe Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni. Pamoja na usajili huo, pateni barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri, na kila mzazi asaini ridhaa yake kwa maandishi. Barua hiyo ya mtaa ndiyo itakayowafungulia mageti ya watu baadaye, basi msiidharau.

Gawanyeni kundi katika vikosi vya wasichana sita hadi wanane, kila kikosi kikiwa na kiongozi aliyechaguliwa na wenzake kwa kura, wala si na mlezi kwa sababu ya alama zake za darasani. Idadi hiyo ina sababu yake. Katika wasichana thelathini, wale wanne wenye sauti kubwa watasema na waliobaki watasikiliza. Katika wasichana saba, hata mpole kuliko wote atapewa sufuria aisimamie, na akiunguza, wote watajua ni nani na watamsaidia kusugua.

Wiki nne za mwanzo zitumike kujifunza ahadi ya chama na maana yake, ishara ya vidole vitatu, mafundo, na huduma ya kwanza ya majeraha yanayotokea kweli katika nyumba zetu, hasa ya moto na ya maji ya chai. Baada ya hapo wasichana wapange matembezi. Msitu wa Pugu unafaa kwa siku moja, mradi ruhusa iombwe mapema na wasichana wenyewe wapige hesabu ya nauli za daladala, maji ya kunywa na saa ya kurudi. Matembezi yaliyopangwa na mlezi peke yake huwa ni safari ya shule tu, na safari ya shule wamekwisha kwenda.

Sasa fedha, ambayo ndiyo sehemu inayovunja makundi mengi. Harambee katika vyama vya wasichana ni jambo la zamani: huko Marekani, kundi moja la mji wa Muskogee, Oklahoma, lilioka biskuti na kuziuza katika mkahawa wa shule mwaka 1917, na mwaka 1932 mjumbe kutoka Ubelgiji alipendekeza kwamba kila tarehe 22 Februari, siku ya kufikiriana duniani, kila msichana atoe chochote kidogo kwa ajili ya wenzake wa nchi nyingine. Nawaeleza wasichana habari hizo mbili kwa sababu zina tofauti wanayopaswa kuiona. Katika ile ya kwanza fedha ilipatikana kwa kazi, na katika ya pili kwa mtu kutoa kilicho chake. Hakuna hata moja inayomtuma mtoto kuzunguka mitaani na bahasha akiomba, na hilo mimi nalikataa kabisa, hata kama lengo ni jema.

Kabla ya kuuza chochote, kundi litaje kwa kauli moja fedha inatafutwa kwa ajili ya nini. Kusema "kwa ajili ya kundi" hakutoshi. "Kununua vitambaa vya kushonea taulo za kike za kufua kwa wasichana sitini wa shule yetu" ni lengo. Mnunuzi akilisikia, hata kusubiri chenji hasubiri.

Chukueni mfano wa kashata za karanga, ambazo hazihitaji oveni wala friji. Tuseme kikosi kimenunua karanga kilo mbili kwa shilingi 9,000, sukari kilo moja na nusu kwa shilingi 4,500, mkaa wa shilingi 1,500, iliki ya shilingi 1,000 na bahasha za karatasi za shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 18,000. Karanga zikaangwe kwa moto mdogo na kupepetwa maganda. Sukari iyeyushwe taratibu mpaka iwe na rangi ya asali, kwa maana ikipita hapo inakuwa chungu. Kisha mchanganyiko umwagwe juu ya sinia lililopakwa mafuta, usawazishwe kwa chupa, na ukatwe ungali wa moto kwa sababu ukipoa unavunjika ovyo. Sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, hivyo sufuria isongwe na wasichana wakubwa wakiwa na mtu mzima karibu, na beseni la maji safi ya baridi liwe tayari pembeni. Mkipata vipande 150 na kuuza kila kimoja shilingi 200, mtakusanya 30,000, na faida itakuwa 12,000. Hesabu hiyo ifanyike ubaoni kabla ya kwenda sokoni, kisha irudiwe baada ya mauzo kwa bei halisi. Nimewahi kuona wasichana wakishangilia shilingi 46,000 mezani, wakaja kugundua baadaye kwamba mama wa mmoja wao alinunua karanga zote kwa fedha yake na hakuna aliyeiandika. Walimrudishia, kikabaki kitu kidogo sana, na tangu siku hiyo hawakuuliza tena kwa nini risiti zinabandikwa daftarini.

Daftari la fedha liwe na safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka na baki. Alishike msichana mmoja, sanduku la fedha alishike mwingine, na ufunguo ukae kwa mlezi, ili sanduku lisifunguke bila watu watatu kuwapo. Kila kikao kianze kwa kusoma baki kwa sauti na kuhesabu fedha iliyomo mbele ya wote. Kuhusu fedha ya simu, laini husajiliwa kwa alama ya vidole ya mtu mzima, kwa hiyo mlezi hana budi kuhusika, lakini laini hiyo iwe ya kundi tu. Miaka yangu ya mwanzo nilipokea michango kwenye namba yangu binafsi, ikachanganyika na ada za wanangu na umeme wa nyumbani. Siku msichana wa miaka kumi na mbili aliponiuliza kwa adabu, "Mwalimu, sasa yetu ni kiasi gani?", sikuweza kumjibu pale pale. Hakuna shilingi iliyopotea, lakini sikuwa na namna ya kumwonyesha hivyo, na kwa mtoto anayejifunza kuamini hesabu, huo ni upungufu mkubwa.

Mauzo yafanyike shuleni, kwenye vikao vya wazazi, na nje ya nyumba za ibada kwa ruhusa ya viongozi wake. Vituo vya daladala na kando ya barabara kuu si mahali pa wasichana kuuza. Waende wawili wawili wakiwa na mtu mzima anayewaona, na saa kumi na moja jioni kila mmoja awe ameshaanza safari ya kwao. Kama chakula kitauzwa kwa watu wa nje ya shule, mwoneni kwanza afisa afya wa kata.

Katika huduma kwa jamii, desturi yetu ni kufagia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Ni desturi njema, na kuzibua mitaro kabla ya masika kuanza Machi kunaokoa nyumba za mabondeni. Hata hivyo, naomba walezi wafikirie huduma inayokwenda kwa mwendo wa tatizo lenyewe. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, huuma mchana, na hapendi mitaro michafu. Hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, yaani ndoo, matairi, vifuu vya nazi, makopo na visahani vya chini ya vyungu vya maua. Kutoka yai hadi mbu mzima huweza kuchukua siku saba hadi kumi tu. Maana yake ni kwamba usafi wa mara moja kwa mwezi unampa nafasi ya kuzaliana zaidi ya mara mbili kati ya usafi na usafi.

Hivyo kila kikosi kipewe nyumba ishirini za mtaa mmoja na kizipitie kila wiki, siku ile ile. Msichana mmoja apige hodi, aonyeshe barua na kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Asipopewa, wamshukuru na kuendelea. Wawili wapindue kila kinachotuama maji. Mwingine amulike kwa tochi ndani ya mapipa na madumu akitafuta viluwiluwi, ambavyo hujikunjakunja kuelekea chini vikimulikwa. Wa tano aandike: nyumba, idadi ya vyombo vyenye maji, idadi vyenye viluwiluwi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji. Chombo kisuguliwe kwa brashi. Pipa la maji ya kutumia lisimwagwe hata kidogo, maana katika mitaa mingi maji hayo yamenunuliwa kwa ndoo. Lifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Bibi anayeishi peke yake na hawezi kuinama hatasahau kwamba kuna watoto wanaokuja kila Jumamosi kumpindulia ndoo zake.

Wanaopenda kupanda mikoko, Kunduchi na Mbweni zina fukwe zake, lakini ombeni ruhusa na ushauri wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuna aina za mikoko: mlilana hustahimili upande wa bahari na mkandaa huota juu zaidi; ukibadilisha, miche hufa, na picha za siku ya kupanda ndizo zinazobaki.

Nikitaja picha, niseme na hili. Msimpige picha mzee akipokea sabuni, wala msichana akipokea taulo. Aliyepewa atabaki mtaani hapo na majirani zake hata baada ya kundi kuondoka. Pigeni picha ya mtaro uliozibuliwa na kashata zilizopangwa kwenye sinia.

Mwisho wa msimu ombeni nafasi katika mkutano wa mtaa. Msichana asimame na asome hesabu mbili: vyombo vilivyokutwa na viluwiluwi wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, kisha fedha iliyoingia, iliyotoka na baki. Wakazi wakiuliza maswali, ajibu yeye au mwenye daftari. Mlezi akae nyuma, kwenye benchi la wazazi.