Hesabu Kurasa za Mwaka Unaoisha Kabla ya Kupanga za Mwaka Ujao

Kabla hujaenda steshenari kununua kaunta buku mpya, toa zile za zamani uvunguni. Malengo ya uandishi huanza kwa kuhesabu yaliyokwisha kuandikwa, na kumbukumbu haifai kwa kazi hiyo kwa sababu humpendelea mno mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na riwaya naziandika kwa mkono. Likizo ya Desemba nakaa barazani na kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia. Nahesabu maneno ya kurasa tatu zilizojaa, natafuta wastani, nazidisha kwa idadi ya kurasa zote. Ukurasa wangu hubeba maneno kama 300. Anayeandika kwenye simu au kompyuta, programu humhesabia yenyewe. Ila weka tarehe kila unapoanza kuandika, kama mwanafunzi, maana bila tarehe huwezi kujua mwezi upi ulizaa na upi ulilala.

Miezi mitupu usiilaani, iulize ilikuwa na nini. Yangu huwa Oktoba na Novemba: kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa, na madaftari ya vidato vingine yanasubiri kusahihishwa. Kwako huenda ni mavuno, au mtoto mchanga. Kisha angalia kazi zilizokwama zimekwamia wapi. Hili wengi hulipita, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Hadithi zangu hupenda kufia sura ya tatu, pale wahusika wameshatambulishwa na sasa wanatakiwa watende jambo. Ukishajua pako, lengo la kwanza umelipata: kuvuka hapo.

Sasa idadi. Lengo liwe juu ya kitu kilicho mkononi mwako. “Nitashinda Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu” ni dua, na dua hazikatazwi, omba. Lengo ni kukamilisha mswada: tafuta siku ya mwisho ya kupokea miswada, kisha hesabu kurudi nyuma, ukiacha walau miezi miwili ya kusoma upya na kuchapa. Ukurasa mmoja wa maneno 300, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa wiki 40 ni 60,000, na hiyo ni riwaya kamili. Mwaka una wiki 52. Zile 12 zilizobaki ni za mitihani, misiba, harusi na malaria. Zipange mapema kwenye kalenda, zisije zikakushtukiza.

Kwa tunaofunga, ratiba ya mwaka jana usiinakili, kwani Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwezi huo mimi huandika nusu ukurasa baada ya daku, basi.

Usingoje Desemba nyingine ndipo ujikague. Fanya hivyo mwishoni mwa Machi, Juni na Septemba. Robo saa inatosha. Ukikuta uko nyuma, kurasa za Februari usizidai Machi. Deni la kurasa likishakuwa mara mbili ya uwezo wako, utaikimbia meza kabisa. Lisamehe, gawa upya kazi iliyobaki kwa wiki zilizobaki, na kama haitoshi, sogeza tarehe ya kumaliza. Kitu pekee ambacho sikisogezi ni ile siku ya ukaguzi.

Lengo lenyewe usilitangaze kwenye stetasi ya WhatsApp. Utapongezwa kabla hujafanya kitu, na pongezi hizo zinashibisha vibaya. Mwambie mtu mmoja asiyeona haya kuuliza. Wangu ni mwalimu wa hisabati: riwaya hasomi, lakini kila Ijumaa chumba cha walimu anataka idadi ya kurasa, na nikimpa hadithi badala ya namba ananirudisha kwenye swali.