Namna ya Kujitunza kwa Mtaalamu wa Saikolojia Anayefanya Kazi Mwanza

Mtaalamu wa saikolojia, awe hospitalini, shuleni au kwenye shirika linalohudumia watoto, huambiwa mara kwa mara ajitunze, na anayemwambia hivyo kwa kawaida humaanisha alale vya kutosha, afanye mazoezi na aende likizo. Ushauri huo hauna ubaya, lakini haugusi kinachomchosha. Mtu aliyepangiwa wateja tisa mfululizo atarudi kutoka likizo na kuwakuta walewale tisa wanamsubiri. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, jua unachotafuta ndani yako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu uliopitiliza wa kazini kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, wala si ugonjwa, na likautambua kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuiona kazi kwa dharau au kuiweka mbali na moyo, na kupungua kwa ufanisi. La kwanza hujulikana upesi, lakini la pili hujificha. Ukijikuta unafurahi kimoyomoyo mteja asipotokea, usijilaumu kwa roho mbaya. Ihesabu kuwa dalili.

Tofauti na uchovu huo ni kiwewe kinachompata msikilizaji, ambacho wanasaikolojia McCann na Pearlman walikieleza mwaka 1990, pale simulizi za wateja zinapobadilisha namna mtaalamu anavyoutazama ulimwengu. Katika ukanda wa ziwa wapo watu wengi waliofiwa MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na wengine MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Mshauri aliyewasikiliza wafiwa kwa muda mrefu anaweza kujikuta anahesabu majaketi okozi kabla ya kupanda kivuko cha Kamanga, au anamzuia mwanawe asiende Ukerewe kwa bibi yake, bila kuuhusisha woga huo na kazi anayoifanya.

Linalozidi mengine yote kwa uzito ni kuwa na mahali pa kuyasema haya. Siri ya mteja inakufunga mdomo nyumbani, na mwenzi wako, hata awe msikivu namna gani, hapaswi kubebeshwa habari za wagonjwa wako. Mahali panapofaa ni kwenye usimamizi wa kitaalamu (vikao vya kuzungumzia kazi yako na mtaalamu mwenzako), ambao haufanani kabisa na ule wa mkuu wa kitengo anayekagua rejista na kuuliza idadi ya wateja wa mwezi. Kama mwajiri wako hana utaratibu huo, tafuta wenzako wawili au watatu wa fani, mkubaliane siku moja kila baada ya wiki mbili, na mkutane kwenye chumba kinachofungwa mlango. Msikutane mgahawani. Mwanza ni jiji, lakini watu wake wanafahamiana kama kijiji.

Unapoleta kisa, kuondoa jina hakutoshi. Ukisema "mvuvi wa Igombe mwenye wake wawili aliyeunguliwa na nyumba", umeshamtaja. Sema "mwanamume wa makamo aliyepata hasara kubwa", kisha uende moja kwa moja kwako mwenyewe: ulihisi nini alipokuwa akizungumza, ni wapi ulitamani kubadilisha mada, na ni jambo gani ulimfanyia ambalo huwafanyii wengine, kama vile kumwongezea nusu saa au kumpa nauli ya daladala kutoka mfukoni mwako. Hilo la nauli ndilo hufichua mengi. Wenzako wasikilize hadi mwisho kabla ya kutoa ushauri, jambo ambalo, kwa bahati mbaya, sisi washauri tunalishindwa kuliko watu wote.

Siku yako nayo ipange upya. Acha dakika kumi au kumi na tano kati ya mteja na mteja, uandike kumbukumbu zake, unawe uso na utoke nje ya chumba. Anayesimulia ubakaji asifuatiwe na mwingine wa aina hiyohiyo ikiwa ratiba inakuruhusu kuwatenganisha. Simu inahitaji msimamo zaidi: tafuta laini ya kazi iliyo mbali na ile ya familia, uizime saa 12 jioni, na umweleze mteja tangu kikao cha kwanza kwamba hali ikiwa mbaya usiku aende hospitali iliyo karibu, na kwamba kwa jambo linalomhusu mtoto namba 116 hupigwa bila malipo. Kumwachia mtu namba yako binafsi bila maelezo hayo si ukarimu, kwa sababu usiku utakaokuwa umelala atabaki peke yake.

Wapo pia ndugu. Baba mdogo akikupigia simu kutoka Magu ili usuluhishe ndoa ya binamu yako "kwa kuwa umesomea", mjibu kwa heshima kwamba kwenye ukoo wewe ni mtoto kama wengine, kisha umtajie mshauri asiyehusiana nanyi.

Ikiwa usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, au picha za simulizi za wateja zinakujia ukiwa mezani na familia, nenda ukahudumiwe. Wengi huogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki wanakofahamika, na woga huo una msingi. Mtaalamu aliyeko Dodoma au Dar es Salaam anaweza kukuhudumia kwa simu ya video. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani humtaka mwanasaikolojia anayeona matatizo yake yanaathiri huduma atafute ushauri wa kitaalamu na aamue kama apunguze, asimamishe au aache kazi hiyo. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya ukiwa umeshaelemewa, kwa hiyo kubaliana mapema na mwenzako mmoja ni nani atakayewapokea wateja wako, mafaili yatakabidhiwa vipi, na kila mteja ataambiwa nini na lini.